Baba, Ngoma Haikuwa na Dawa

Baba yangu,

Shikamoo. Hukupenda mtu aanze maneno kabla ya salamu, kwa hiyo naanza na salamu, ingawa wa kuitikia marahaba hayupo. Ni Jumamosi asubuhi, nimekaa barazani hapa Kalangalala, Geita, nawasubiri vijana wangu wa kanisani, na nina hasira. Sitakuficha, sehemu ya hasira hii ni juu yako. Mama anasema ulimi huu nimeurithi kwako, ila wewe wako uliutia kwenye nyimbo, mimi wangu nikautia kwenye kipaza sauti, na hapo ndipo nilipoharibu.

Unakumbuka siku uliyosema Kabula atabeba ngoma? Nilikuwa darasa la tano. Hukuwa na mtoto wa kiume, na mbeba ngoma wako alikuwa amekimbilia machimboni kama wenzake. Watu wakacheka, mtoto wa kike na bugobogobo, ngoma ya kulimia, wapi na wapi. Wewe ukajifanya husikii, ukanivisha mkanda begani, tukaondoka jua halijakolea. Njia nzima ile ngoma ilinigonga goti na sikusema kitu, maana niliogopa ungempa mwingine.

Shambani nilikuwa nakaa kwenye kichuguu nawatazama. Wanaume ishirini na zaidi wamejipanga mstari na majembe yao, wewe uko mbele umewageukia, unarudi kinyumenyume huku unapiga, na majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo wako. Mzee Masanja pembeni na ile ngoma ndogo. Na lazima nimtaje Nkwabi, yule mzito, ambaye kila akiinua jembe moja wenzake wameshainua mawili. Ulimweka kati ya wawili wenye kasi, kisha ukapunguza mdundo na kumtia kwenye wimbo kwa jina, kwamba Nkwabi analima na huku anaota ugali. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, Nkwabi naye akicheka na kuongeza mwendo. Mstari ulifika mwisho wa shamba ukiwa bado mstari.

Nilikuuliza tukirudi, kwa nini usimwache mtu mzito akabaki nyuma. Ukanijibu bila hata kunitazama: "Mayu, nikimwacha huyu, kesho nitalima na nani?"

Uliniita mayu, mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao wakiwa na furaha. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijiona mtu mzima.

Halafu kuna siku ya kuwamba ngoma upya. Hiyo ndiyo siku ninayotaka tuizungumze. Ngozi ilikuwa imepasuka, mkaivua uani kwetu, kundi zima likiwa limekaa kusubiri nyama ya yule ng'ombe aliyetoa ngozi mpya. Ukaniambia niingize kichwa ndani ya ngoma, nikaingiza, nikaita jina langu, likanizunguka masikioni. Mle ndani kulikuwa na vumbi na kiota cha nyigu kilichokauka. Hakukuwa na kingine chochote, baba. Nilikitoa kile kiota kwa mkono wangu na Nkwabi akasema kumbe hao ndio waliokuwa wanatung'ata masikio. Kila mtu aliona.

Nimeandika haya kwanza ili hata mimi nisipate pa kujificha.

Nilipomaliza kidato cha nne bila la maana kwenye cheti, ulinileta kwa shangazi hapa Geita. Nikapata kazi ya kuosha vyombo kwa mama lishe mmoja karibu na kijiwe cha bodaboda. Wale vijana wa kijiweni walikuwa wakorofi, midomo michafu, wengine wametoka machimboni mikono mitupu, wengine hawajaonana na mama zao miaka. Mimi nilikuwa nawajua majina. Sikufundishwa, nilijikuta tu nayajua, na nikipeleka sahani nilikuwa namtania kila mmoja kwa lake, yule anayelala juu ya pikipiki, yule anayekula kama anakimbizwa. Wakazoea. Akikosekana mmoja siku mbili, walikuwa wanakuja kuniuliza mimi.

Siku moja nilikuwa nasugua sufuria la maharage yaliyoungua, mchana, jua kali, jasho linaniingia machoni, nikagundua kwamba nawaombea. Mmoja mmoja, kwa jina, huku nasugua. Sikumbuki nilianza saa ngapi. Nilipolisuuza lile sufuria nilijua kwamba hii ndiyo kazi yangu na kwamba Mungu ndiye aliyenipa. Hakuna mwanga ulioshuka wala sauti iliyoniita. Jumapili ile nilikwenda na vijana wanne kanisani, mwezi uliofuata wakawa kumi na mmoja, na mchungaji akasema basi Kabula ashike vijana.

Huo ndio wito wangu wote. Ukweli wake ni huo na ulinitosha, mpaka siku nilipotakiwa kuusimulia.

Mkutano wa injili ulikuja Ushirombo, si mbali na nyumbani, mhubiri katoka mbali, maspika makubwa kama milango. Vijana wangu walialikwa kuimba na kwaya yetu haikuwa na ngoma. Nikaja nyumbani kuazima yako. Hukuwa mtu wa kanisani kila wiki, baba, ulikuwa unakuja Pasaka na Krismasi na unakaa karibu na mlango, lakini niliposema ngoma yako itapigwa mbele za Mungu ulikwenda kuleta samli. Ulipaka ile ngozi polepole, ukaianika kidogo ikaze, ukaifunga kwenye shuka lako la kijani na kunivisha mkanda begani mwenyewe. Ukasema utakuja kusikiliza.

Kabla ya ibada mratibu wa mkutano alituita sisi wenye shuhuda tumsimulie kwanza. Wa kwanza alikuwa jambazi, wa pili alikuwa amelala miezi sita kwa mganga. Nikasema langu. Alinitazama kwa huruma. "Dada, ushuhuda wa sufuria?" akaniuliza. "Watu wametembea kutoka vijiji vya mbali. Wanataka kuuona mkono wa Mungu." Akaniuliza kwetu hakuna mambo ya kimila, na macho yake yakaiangukia ngoma.

Alikuwa anajua anachouliza. Kwetu kila mtu anaamini kwamba mwenye ngoma anaweka dawa ili avute watu. Sikutakiwa kueleza mengi, nilitakiwa kuanza tu, na watu wangemalizia wenyewe.

Nilipanda jukwaani nikasema ngoma ya baba yangu ina dawa ndani yake, kitu kimefungwa kwa kitambaa cheusi, na kwamba nimekibeba begani tangu utoto wangu na ndicho kilichonifunga. Mimi, niliyetoa kile kiota cha nyigu kwa mkono wangu. Uwanja ulilia. Sikupanga ichomwe, hilo naapa, lakini mhubiri alisema ichomwe na mimi sikusema isichomwe. Hawakuipasua kuangalia ndani. Samli uliyopaka ndiyo iliyoufanya moto ushike haraka.

Nilikuona. Ulikuwa nyuma kabisa, umeegemea baiskeli, umevaa shati la sikukuu. Ulisimama mpaka mbao zikaanza kuanguka, kisha ukaigeuza baiskeli. Hukuipanda, uliisukuma tu.

Wiki moja baadaye nilikuja nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, kwa laana, kwa chochote. Ulinikaribisha kiti, ukaitikia shikamoo yangu, ukaniuliza habari za shangazi. Kisha ukasema: "Mayu, sauti yako ilifika mpaka nyuma."

Basi. Ukaenda kuangalia ng'ombe. Miaka mingapi nimeitafuna sentensi hiyo? Asubuhi moja naona ulinisifia, kama fundi anavyomsifia fundi mwenzake. Jioni yake naona ulinichoma kisu. Ungenitukana, baba. Ungenichapa mbele ya wageni, ningelia, ningesema nimedanganya, yangekwisha. Wewe uliniuliza habari za shangazi.

Na ulifanya zaidi ya hapo. Mama ndiye aliyenisimulia. Wazee wawili wa kanisa walikuja na mwenyekiti wa kitongoji kukuuliza kama ni kweli, maana kijiji cha pili kilishaanza kunong'ona na wewe unajua kwetu minong'ono ya namna hiyo hufikia wapi. Ukawajibu: "Mwanangu akisema ilikuwa na dawa, basi ilikuwa na dawa. Sasa imeungua." Ukawapa maziwa wakaondoka. Na kundi ukalivunja siku hiyo hiyo. Msimu uliofuata ulilima na mama, watu wawili tu, kimya kimya, na watu wa vijiji vya jirani wakipita walikuwa wanavuka kwenda ng'ambo ya njia.

Nani alikuomba unifunike? Nakuuliza kweli. Mimi sikukuomba.

Maana mimi nilipaa. Walinipa na jina, Dada wa Ngoma. Nilialikwa Kahama, nikaalikwa Shinyanga mjini, makongamano, makambi ya vijana, kote nikisimulia kitambaa cheusi, na kila nikisimulia kilizidi kuwa kikubwa. Watu waliniuliza nimejifunza wapi kukusanya vijana na kuwashika wasitawanyike. Nilisema ni Roho Mtakatifu. Kumbe nilikuwa najua fika: unamweka mzito kati ya wepesi, unamtaja kwa jina, unamtania mpaka acheke, unapunguza mdundo. Kila nilichokitumia kwa kazi ya Mungu nilikiona kwanza nikiwa juu ya kichuguu. Ningesema hivyo angalau mara moja, ningekupunguzia aibu kidogo.

Nyumbani nilikuja na sukari na khanga za mama. Tuliongea habari za mvua. Nilikuwa najiambia likizo ijayo nitalisema, halafu likizo ijayo, halafu kifua kikakubana na hukuinuka tena.

Mazishi yako sitaki kuyakumbuka na siachi kuyakumbuka. Mchungaji wa huko alisimama akasema tunamzika mzee aliyekuwa mateka wa giza, lakini Mungu alimwinua binti yake akamfungua. Watu wakageuka kunitazama kwa heshima. Mzee Masanja na wenzake wa kundi walikuwa wamesimama nyuma, wanatazama chini. Nami nilikaa pale na kitenge changu kipya cha msiba, nikaitikia amina. Niliitikia, baba. Ulikuwa bado hujafukiwa.

Sasa nikwambie kilichonifikisha kwenye barua hii. Nina binti mmoja kundini, Pendo, anafanya kazi kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Akija kanisani vumbi bado liko kwenye nyusi. Mwezi uliopita alichaguliwa kutoa ushuhuda kwenye kongamano la vijana na ni mimi ninayewaandaa. Akanisimulia lake: alikuwa mpweke, alikuja kanisani kwa sababu ya chai, akabaki kwa sababu wiki ya pili nilimwita kwa jina lake. Ni hayo tu.

Nikafungua mdomo nikamwambia aongeze uzito kidogo.

Pendo akafikiri, mtoto wa watu, anataka kunifurahisha. Akaniuliza: "Niseme mama alikuwa ananipeleka kwa waganga? Wataamini."

Nilimuuliza kama mama yake yupo hai. Akasema yupo, anauza dagaa, na atakuja kumsikiliza, ameshanunua na viatu.

Baba, nilishikwa na baridi saa saba mchana. Nilimwona mama huyo na viatu vyake, amesimama nyuma ya uwanja. Nikamwambia Pendo aseme ya chai, asiongeze neno, kisha nikawaita wote waliokuwepo, nikawaambia kuhusu ngoma na samli na kiota cha nyigu. Wengine walilia. Wanne waliondoka na hawajarudi, mmoja wao aliniambia aliacha pombe kwa ajili ya ushuhuda wangu na sasa amebaki na nini.

Nikaenda kwa mchungaji kuomba niliseme kanisani. Akanisihi nisiseme, nitawakwaza walio wachanga kiroho. Nikasema nitasema. Wakanipa likizo ya kupumzika, hawakutaja mwisho wake. Mtu sijachoka, naambiwa nipumzike. Ndiyo maana vijana wanakuja barazani siku hizi. Wamebaki tisa, pamoja na Pendo, na sijui kesho watakuwa wangapi.

Wiki iliyopita nilikwenda nao nyumbani. Mvua za kwanza zimenyesha na mama hana wa kumlimia. Nilimwambia mama kwanza. Aliendelea kuchambua mchele, akasema "Nilikuwa nasubiri," basi. Kisha nikamfuata mzee Masanja. Alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Nilipiga magoti nikasema yote, nilivyoona ndani ya ngoma, nilivyosema jukwaani, kwamba nilidanganya na wao wakapoteza kundi lao. Nililia, na nakiri kwamba nilikuwa nangoja alie na yeye.

Aligonga mpini mpaka ukakaa. "Tulijua," akasema. "Tulikuwepo siku inawambwa. Nkwabi mpaka anakufa alikuwa anasimulia wale nyigu."

Nikamuuliza, kama mlijua, kwa nini hamkusema.

"Baba yako alituita uani kwake. Akasema mtoto amepata kazi yake, tusimharibie. Akasema akipiga ngoma nyingine na watu wakaja vilevile, atakuwa anasema wewe ni mwongo, kwa hiyo hapigi tena." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa umekuja tukulilie? Nenda kalime."

Mtoto amepata kazi yake. Baba, nimeambiwa na watu kwamba mimi ni chombo kiteule, nimewekewa mikono na wageni kutoka nje ya nchi, na hakuna aliyewahi kusema jambo jepesi na la kweli kama hilo. Uliliona kabla yangu na kabla ya kanisa. Uliona kwamba hata kwenye uongo ule kulikuwa na kazi ya kweli, ukailipia kwa yako. Na ukaenda kumwambia Masanja. Kwa nini hukuniambia mimi? Ningejua unajua, ningeacha. Au pengine ndiyo sababu hukusema. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kushika, na inanirudia mwenyewe.

Tulilima. Niliwapanga mstari, watoto wa mjini, majembe yanawatoa malengelenge. Pendo alipindua dumu la maji akalipiga. Mimi nikasimama mbele yao kinyumenyume, kama wewe, nikaanza wimbo wako. Ninao mstari wa kwanza tu. Unaobaki ulikuwa kichwani mwako, na hakuna mahali ulipouandika. Nikatia majina yao pale penye pengo, ikawa inakwenda, nikajisikia vizuri kidogo, na nilipojisikia vizuri ndipo Masanja aliposema kutoka ukingoni, na jembe lake la mpini mpya begani: "Unakwenda mbio. Wa mwisho umemwacha."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimemwacha. Nikapunguza.

Kabla hatujaondoka nilikwenda kaburini kwako nao wote tisa, na mama, na Masanja aliyesimama mbali akijifanya anatazama mihogo. Nikasema kwa sauti, bila kipaza sauti, kwamba mimi Kabula nilimsingizia baba yangu, na ngoma yake haikuwa na dawa, ilikuwa na vumbi na kiota cha nyigu. Nililisema mara mbili. Kisha nikatega sikio, sijui nilikuwa nasikiliza nini.

Pendo ametokea pale kona, na wenzake wawili nyuma yake. Naweka kalamu chini niwahesabu. Lala, baba, na ukiweza nijulishe kitu kimoja tu: safari hii, sauti ilifika mpaka nyuma?

Ni mimi mbeba ngoma wako,
binti yako, Kabula